Karani wa Esansi huko Mpofi

Mpofi, Jumatatu, 7 Septemba 1953

Kamyo ya kampuni imenishusha hapa saa nane za mchana na sanduku langu la bati, godoro na barua ya kazi. Tangu leo mimi Barthélemy Makuza, mtoto wa wafugaji wa Kibabi, njo karani wa depo ya mafuta ya Mpofi. Karani aliyenitangulia aliugua kifua akarudishwa kwao, na aliyenikabidhi depo ni zamu wake, mlinzi na mtu wa kazi, mzee mmoja wa hapa anayeitwa Straton. Alinipa funguo tatu zilizofungwa kwa kamba ya mti, akasema: "Karibu, Papa Karani. Chakula iko mu nyumba. Bibi yangu amepika."

Nilikula peke yangu. Kwetu ukisimama mlangoni unaona vilima vitano na ngombe za jirani. Hapa unaona miti, na nyuma ya miti, miti.

8 Septemba

Nimehesabu. Mapipa ya esansi ya magari 42, ya mazutu ya mashine kubwa 17, ya petroli ya taa 11. Yote yamelazwa ubavu juu ya magogo chini ya paa la bati, na yanajaza nafasi hata mtu hapiti.

Kazi yenyewe naiandika hapa ili niielewe vizuri. Wanaochota kwangu ni wanne: mgodi, wapanda kahawa, kivuko cha mto, na dispansari ya misheni. Kila Jumamosi naandika stoki kwenye karatasi, naipa kamyo yoyote inayopanda Masisi kwenda Goma. Goma wanasoma, wanapanga mzigo. Toka karatasi iondoke mpaka mapipa yafike ni siku kumi na mbili, njia ikiwa nzuri. Kwa hiyo karani wa Mpofi haagizi kilichomwishia. Anaagiza kitakachomwishia wiki mbili mbele, naye hajui mvua itasema nini.

12 Septemba

Leo nimesimamisha mapipa yote. Yamekaa safu saba zilizonyooka, namba zinasomeka, nafasi imepatikana. Tumefanya kazi hiyo mimi na Straton tangu asubuhi.

Kabla hatujaanza alisimama, mikono kiunoni. "Papa Karani, hii mapipa inalalaka. Karani wa zamani alikuwa analalisha."

"Kwa sababu gani?"

"Sababu hakuniambia. Alisemaka tu: Straton, pipa ilale."

"Kama hujui sababu, basi hakuna sababu. Saidia huku."

Alisaidia. Ni mtu wa nguvu kwa umri wake.

19 Septemba

Mvua. Hakuna gari lililopita.

20 Septemba, Jumapili

Kanisani walisali kwa lugha ya kwao, nami nikasali kimoyomoyo kwa yangu. Baada ya misa watu walisimama vikundi vikundi uwanjani. Nikikaribia wanaacha maneno yao, wananisalimu kwa Kiswahili, kisha kimya mpaka nipite. Hawana ubaya. Hawajui tu waniambie nini.

25 Septemba

Mzigo umefika: mapipa ishirini ya esansi. Chini ya paa yameenea kumi na mawili. Nane yamebaki nje, nimeyasimamisha karibu na ukuta wa nyumba. Dereva alikuwa na barua ya Léontine. Mama yangu anakohoa bado, ndiyo maana mke wangu hawezi kunifuata. Ngombe ya mabaka imezaa. Anaandika: "Maziwa iko mingi, hakuna wa kukunywa." Nimeisoma mara nne kabla kamyo haijazima injini.

6 Oktoba

Straton ameniletea nyama ya nungu katika majani. Sisi wachunga hatuli nyama za msituni, na nilimwambia hivyo. Ningeweza kulisema kwa upole zaidi. Aliyafunga tena majani taratibu, akasema, "Si kitu," akaondoka nayo.

9 Oktoba

Jana na leo Straton hakuja kazini. Hakuomba ruhusa. Nimemuuliza bibi yake, amejibu, "Iko mu pori," akaendelea kutwanga.

10 Oktoba

Amerudi. Nilimuuliza alikuwa wapi. "Nilikuwa na mambo, Papa Karani." Mambo gani? Alitazama chini. Nimeandika siku zile mbili kwenye daftari la kazi.

Katika mzunguko wangu nimegonga mapipa ya nje ubavuni kwa kijiti, nikisikiliza mafuta yamefika wapi. Nimefurahi: yamejaa hadi mdomoni, kuliko nilivyoandika siku yalipofika. Nadhani siku ile nilipima kwa haraka.

17 Oktoba

Mlima umeshuka juu ya njia ya Goma, upande wa Kibua. Mwenda kwa miguu mmoja ametuambia: miti, mawe na matope vimelala barabarani urefu wa uwanja wa mpira, na kamyo tatu zimekwama ng'ambo. Karatasi yangu ya stoki ya leo iko mfukoni. Sina wa kumpa.

18 Oktoba

Nimekaa mchana wote nikigawa. Esansi mapipa 26. Mgodi unakula matano kwa wiki, kahawa mawili, kivuko nusu, dispansari nusu. Hiyo ni wiki tatu na siku chache. Wakitengeneza njia kwa mwezi mmoja, tutakosa. Wakitengeneza kwa miezi miwili, sijui.

24 Oktoba

Mjumbe amevuka maporomoko kwa miguu na karatasi ya Bwana Inspekta wa Goma. Maneno machache: mgodi kwanza, wengine wasimame mpaka njia ifunguke.

Wapanda kahawa wamenitukana. Mwenye kivuko alicheka, akasema atarudi kuvuta kwa kamba kama babake. Kuwakatalia watu ni kazi ya kukaa peke yako.

29 Oktoba

Hilaire amekuja, muganga wa dispansari ya misheni, kijana mwembamba mwenye kusema polepole. Anaendesha mwenyewe kamyo ndogo ya wagonjwa.

"Papa Karani, niko na mwanamuke mu dispansari, Jeannette, karibu ya kuzala. Mimba ya kwanza. Mutoto amekaa vibaya. Siku yake ikifika, miye siweze. Lazima afike Walikale kwa daktari. Na tanki iko kavu."

Nilimwonyesha karatasi ya Goma. Aliisoma yote, akairudisha.

"Naona," akasema. "Sasa nitamwambia nini?"

Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira ningemkatalia. Nilikwenda nje nikachagua pipa moja katika yale manane, lililojaa kuliko yote, sili yake, ule muhuri wa risasi unaofunga kizibo, ikiwa nzima. Nilikata sili mbele yake, nikaandika namba, nikatia sahihi yangu. Straton alilivingirisha hadi garini.

Nimekula kwa hamu leo. Ni mara ya kwanza nimefanya kitu hapa ambacho ningependa Léontine akione.

1 Novemba, Watakatifu Wote

Uchungu umemshika Jeannette asubuhi. Tulisikia kamyo ya Hilaire ikipita baada ya misa. Mume wake alikuwa nyuma amemshika mabega. Watu walipunga mikono. Nami nilipunga.

3 Novemba

Naandika hili mara ya pili, karatasi ya kwanza nimeichana.

Kamyo ilikwenda kilometa kumi na moja. Katika kilima cha pili ilikohoa ikazima. Hilaire alifungua injini, akasafisha, ikawaka, ikazima. Mara sita. Mwisho haikuwaka tena. Mume alikimbia kurudi hapa kuita wanaume. Walikata miti wakafanya machela, wakambeba Jeannette kwa zamu hadi Walikale, mvua ikinyesha. Straton alikuwa kati yao. Walifika Jumatatu asubuhi. Daktari alimwokoa mama. Mtoto alikuwa amekwisha kufa. Alikuwa mwanamume.

Leo Hilaire amekuja kwa miguu na chupa mkononi. Aliiweka mezani kwangu. Chini yake maji, juu yake esansi, na mstari kati yao kama umepigwa kwa rula.

"Hii njo ilitoka mu tanki," alisema. "Nusu ya pipa iko maji, Papa. Nani alitia maji?"

Nilimwambia sijui. Alingoja niseme kitu kingine. Kisha akaenda zake na chupa aliiacha.

4 Novemba

Nimekata sili za yale saba yaliyobaki nje, nikapima. Manne yana maji chini. Mtu ameiba esansi, akajaza maji ili kijiti kisimseme. Nani anakaa na mapipa saa ambazo mimi nimelala? Nani alipotea siku mbili asiseme alikokwenda? Nani anatabasamu nikimkataza?

Sili za mapipa zilikuwa nzima zote kabla sijazikata. Nimeliona hilo.

5 Novemba

Nimeandika kwa Bwana wa Teritware, mtawala wa serikali huko Walikale. Nimeeleza maji, nimeeleza siku mbili za Oktoba, nimetaja jina. Kuhusu sili sikuandika. Niliona itachanganya mambo.

9 Novemba

Askari wawili wamekuja kumchukua. Straton alikuwa anafyeka majani nyuma ya depo. Hakukimbia, hakupiga kelele. Aliniuliza tu, mbele yao:

"Papa Karani, njo weye uliandika?"

"Nimeandika nilichokiona."

"Basi ni vizuri. Kama ulikiona."

Walimfunga mikono. Bibi yake aliwafuata hadi daraja la miti, kisha nilimwona akirudi katikati ya njia, polepole, kama mtu asiyekumbuka nyumba yake iko upande gani.

11 Novemba

Hakuna aliyekuja.

12 Novemba

Hakuna. Nimepika viazi.

14 Novemba

Karatasi ya stoki nimeandika hata kama haiendi. Esansi 14. Mgodi umepunguza kazi tangu njia ifungike, unachukua mawili au matatu tu kwa wiki, nao hawalalamiki. Nilimuuliza dereva wao kama wameona maji. Alisema wao huchuja kila pipa kwa ngozi laini, na maji huwa wanayatupa. "Maji kila mara inakuwaka, Papa. Hata ya Masisi, hata ya Goma." Alisema kama anayesema habari ya hewa.

15 Novemba, Jumapili

Kanisani benchi langu lilikuwa na mtu mmoja, mimi. Jeannette amerudi kutoka Walikale. Aliketi mbele, kitambaa cheupe kichwani, hakupiga magoti wakati wengine walipopiga. Hakuna aliyemlazimisha.

17 Novemba

Sijasema neno na mtu tangu Jumapili. Nimejikuta nikisoma namba za mapipa kwa sauti.

19 Novemba, Alhamisi

Nataka kuandika hili kwa utaratibu.

Asubuhi jua lilikuwa kali, jambo la ajabu katika mwezi huu. Nilikaa kwenye ngazi ya nyumba karibu na mapipa ya nje. Mabati yake yalikuwa ya moto, huwezi kuweka kiganja. Saa sita mvua ikaja ghafla, ya baridi. Sikuingia ndani. Sikuwa na sababu ya kuingia wala ya kubaki.

Maji yalijaa juu ya kila pipa, kwa sababu kifuniko cha pipa kina ukingo kama sahani. Na pipa lililokuwa karibu nami likalia. Sauti ndogo, kama mtoto anayevuta uji. Nikainama. Pembeni mwa kizibo kulikuwa na viputo vidogo, kisha maji yaliyokuwa juu yakapungua. Hayakumwagika. Yalipungua.

Nilikwenda jikoni nikaleta majivu, nikayanyunyiza juu ya maji ya pipa la pili. Majivu yalizunguka kizibo polepole, yakasogea, yakaingia. Nilitazama mpaka kizibo kikawa na pete nyeusi. Kizibo kilikuwa kimekazwa muda wote.

Pipa likipata moto linatoa pumzi. Likipoa ghafla linaivuta. Likiwa limesimama na maji kichwani, linakunywa. Likiwa limelala ubavu, kizibo kiko chini ya esansi yenyewe na hakuna maji ya kuvuta.

Hakuna mwizi. Ni mimi. Nimekaa mvuani mpaka ikakatika.

20 Novemba

Nimelaza mapipa yote, ya nje na ya ndani, peke yangu. Kidole kimoja kimepondeka. Watoto wa shule walisimama njiani kunitazama, kisha wakaitwa na mama zao.

Ninaweza kunyamaza. Naandika hilo kwa sababu nimeliwaza asubuhi nzima. Goma wataamini wizi. Wizi hauondoi karani kazini. Na nyumbani mama anakunywa dawa kwa kazi hii.

Kesho naenda Walikale.

22 Novemba, Walikale

Siku mbili kwa miguu. Nimelala kwa katekista wa njiani. Bwana wa Teritware hayuko, yuko karani wake Ndagijimana, mtu wa Bwito, mwenye mwandiko mzuri. Nilimweleza. Alisikiliza kalamu ikiwa juu.

"Kaka, unajua unachotaka niandike? Kwamba mutoto alikufa juu ya kosa yako?"

"Andika hivyo."

"Unaweza sema haukujua. Hakuna mutu atakuhukumu juu ya mvua."

"Andika na sili. Kwamba niliona ni nzima, nikaificha."

Aliandika. Alinipa nisome, nikatia sahihi.

24 Novemba

Bwana amerudi, amesoma, amenitazama kwa muda mrefu, kisha ametoa amri Straton aachiwe. Alitoka saa nne. Amekonda. Siku kumi na tano alikuwa anavunja mawe ya barabara. Nilitaka kumbebea kifurushi chake, akakihamishia bega la pili.

Tumeondoka pamoja kwa kuwa njia ni moja.

25 Novemba, Mpofi

Jana hatukuzungumza. Leo asubuhi, baada ya mto, nilimweleza yote: jua, mvua, majivu, pumzi ya pipa. Alisikiliza kama fundi anavyosikiliza fundi. Alikubali kwa kichwa.

"Njo maana alikuwa analalisha," alisema.

"Njo maana. Nisamehe, Straton."

Alisogeza kifurushi mgongoni.

"Ile sili. Uliiona ni nzima?"

"Niliiona."

"Mbele ya kuandika, ao nyuma?"

"Mbele."

Alisimama. Niliogopa atanipiga, na ningefurahi.

"Unaona, Papa Karani, juu ya mapipa sina kasirani. Mapipa kila mutu anaweza kosa. Hata miye sikujua. Lakini ile sili, haukukosa. Ile, ulichagua."

Baadaye, tukishuka mteremko, alisema bila kuulizwa: "Ile siku mbili, nilikuwa ku mambo ya ukoo wetu. Batoto ya dada yangu walikuwa wanaingia utu uzima. Ile haiambiwake mugeni, na haiandikwake. Ungeniuliza kama nimeiba, ningekujibu. Haukuniuliza ile."

Karibu na kijiji nilimuuliza nifanye nini. Alisema: "Weye unajua kuandika. Andika ingine, usome mbele ya bantu. Kwa sababu na bibi yangu wanamuita bibi ya mwizi."

29 Novemba, Jumapili

Katekista aliniruhusu baada ya baraka. Nilisoma kwa Kiswahili, naye akarudia kwa lugha yao. Nilipofika kwenye jina la Jeannette niliupoteza mstari. Katekista alingoja. Nikaendelea. Nilisema: zamu hakuiba hata kikombe. Nilisema: maji yaliingia kwa ajili ya kiburi changu, na mtu asiye na kosa alifungwa kwa ajili ya uongo wangu.

Hakuna aliyepiga kelele. Mume wa Jeannette alitoka nje. Jeannette mwenyewe alibaki, akaja mpaka mbele yangu. Sikuwa nimewahi kuona uso wake kwa karibu. Ni mdogo sana, kama miaka kumi na minane.

"Siku ile, ulitupa ile pipa kwa nini?" aliuliza. "Hilaire anasema walikukataza."

"Nilitaka ufike."

Alifikiri. "Basi," alisema, na sijui "basi" ile ilikuwa ya nini. Aliondoka akishikwa mkono na mama yake.

Straton alikuwa mlangoni. Alinyoosha mkono, nikaushika. "Nimekusamehe, mbele ya Mungu na mbele ya hawa," alisema kwa sauti ya watu wote kusikia. Kisha akauachia mkono wangu, akaenda na bibi yake.

30 Novemba

Straton amerudi kazini, lakini anakuja wakati mimi naingia ndani, anaondoka kabla sijatoka. Bibi yake ameacha sahani ya sombe, majani ya mhogo, kwenye ngazi. Sahani nimeiosha nikairudisha pale pale.

5 Desemba

Njia imefunguka. Kamyo nne kwa mpigo. Stoki yangu ya mwisho: esansi 3 safi, nimezichuja zote kwa ngozi niliyoomba mgodini. Mazutu 6. Petroli 2. Najua Goma hawataniacha hapa, kwa hiyo nimetengeneza karatasi ya ugawaji kwa karani ajaye: nani anakula kiasi gani, siku ngapi toka Goma, mahali mlima unapoweza kushuka tena. Juu kabisa nimeandika: MAPIPA YALAZWE, na chini yake sababu, mistari mitano, ili asiwe na la kuuliza.

7 Desemba

Barua ya Goma. Nimeachishwa kazi. Niondoke na kamyo ya Alhamisi.

Nimemwandikia Léontine kila kitu, pamoja na sili. Nimemwomba anipokee, na kama haya yatamfanya aone aibu, aniambie nitafute kazi Bweremana kwanza. Dereva amesema barua itafika kabla yangu kwa siku moja.

10 Desemba, Alhamisi

Kamyo ilikuja saa tatu. Hilaire alikuja kunipa mkono, akaniambia Jeannette amekwenda kwa mama yake kupumzika. Wapanda kahawa walipita bila kusimama. Straton alimaliza kupakia mapipa matupu, akayafunga kwa kamba vizuri, akashuka upande wa pili, na nilipozunguka kamyo kumuaga nilikuta nyayo zake tu kwenye matope, zikielekea nyumbani kwake.

Kusamehe alikuwa amesamehe. Kuniaga hakukuwamo katika msamaha ule, wala sikuwa na haki ya kukudai.

Nilipanda. Dereva aliwasha injini, ikawaka mara moja, safi. Alitazama nyuma kwenye kioo, akaona nimegeuka kuelekea njia ya kijiji.

"Papa, tunangojea nani?"

Nilitazama tena. Mvua ilikuwa inaanza.

"Hakuna," nilimwambia. "Twende."